Mlio wa Tatu

Simu ililia Fundi akiwa na misumari mdomoni.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mafundi wa makochi wa kizamani huibana misumari kwa midomo na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi kadiri nyundo inavyoihitaji, na huyu alikuwa wa kizamani hasa. Stepla ya umeme aliyoletewa na shemeji yake ilitundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Jua lilikuwa linazama, banda lake la mabati lilikuwa limeanza kupoa, na mbele yake palikuwa na kochi la watu wawili lililovuliwa ngozi, springi nje. Hakuhitaji kutazama kioo cha simu. Saa ya jua kuzama ilikuwa saa ya Panzi.

Panzi ni binti yake, mtoto wa pekee. Aliitwa hivyo tangu anajifunza kutembea, kwa sababu hakutembea, aliruka. Sasa Panzi alikuwa chuoni, mbali, safari ya kutwa nzima kwenye basi, akisomea upimaji wa ardhi. Siku ile ya kumsindikiza stendi, Fundi alimpa sheria. Kila jioni umbipu baba. Ukibipu mara moja ukanyamaza, nitajua u mzima. Ukibipu mara mbili, nitakupigia. Ukibipu mara tatu, nakuja.

"Hata kama ni mbali hivi?" Panzi aliuliza akicheka.

"Hata ukiwa mwezini. Nitatafuta basi la huko."

Na sheria ilikuwa na mkia wake: hairuhusiwi kupokea. Wiki za mwanzo, Fundi alijisahau akapokea, na mtoto akapiga kelele upande wa pili, "Baba! Umenila! Salio langu!" Fundi aliona aibu kana kwamba amedokoa sahani ya mgonjwa. Tangu hapo aliizoeza mikono yake. Simu ikilia jioni, mikono inabaki kazini, masikio ndiyo yanayofanya kazi. Mlio mmoja, kimya, alhamdulillahi, nyundo inaendelea.

Basi jioni hiyo ikalia, ikakatika. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga msumari.

Ikalia tena, ikakatika. Nyundo ikasimama hewani. Haya, leo anataka maongezi.

Ikalia mara ya tatu.

Mara hiyo haikukatika. Iliita, ikaendelea kuita, ikitetemeka juu ya meza katikati ya vipande vya sponji, ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Fundi aliikodolea macho, misumari imebanwa mdomoni, nyundo mkononi, akisubiri ikatwe. Iliita mpaka ikachoka yenyewe.

Aliitema misumari kiganjani na kupiga. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, kwenye cherehani. Ndiye aliyeshona mavazi yote ya makochi ya banda lile. Yeye na mumewe walifanya kazi migongo ikielekeana kwa miaka mingi, na aliyajua mambo ya upande wa pili kwa kusikiliza tu. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Alitoka na uzi umemning'inia begani.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Na ya tatu mbona imeita vile?"

"Sijui."

"Ukaiacha?"

"Mama Panzi, si ndivyo tulivyopatana, mtu asipokee..."

"Mtoto analia, wewe unahesabu!"

Alisema hivyo tu, lakini yalimwingia Fundi kama sindano ya magunia. Tena mwanamke mwenyewe alikuwa na haki ya kusema. Yeye alitaka Panzi asome chuo cha karibu, kile ambacho tangi lake la maji lilionekana kutoka jikoni kwao. Fundi ndiye aliyeng'ang'ania kile cha mbali, eti ndicho chenye jina, eti mtoto atapanuka. Walivutana mpaka majirani wakachoka kusuluhisha. Mwishowe Mama Panzi alimtolea uvivu: wewe ndiye unayempeleka, basi siku ikiharibika, wewe ndiye utakayemrudisha. Sasa siku ilikuwa imeharibika, na wala hawakujua imeharibika vipi. Homa? Ajali? Mtu mbaya? Waliyataja kimoyomoyo, kila mmoja peke yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyataja kwa sauti.

Alfajiri Fundi alikuwa mlangoni na kimfuko chake. Mama Panzi akamkabidhi sweta ya kijani, imekunjwa vizuri.

"Ya nini?"

"Avae njiani mkirudi. Mabasi yana baridi."

"Kwanza tumwone, tujue kuna nini."

"Baba Panzi." Aliishikilia ile sweta, hakuiachia bado. "Sitaki kujua kuna nini. Rudi naye."

Njia nzima Fundi aliipakata sweta. Simu aliipiga mpaka abiria wa pembeni akaanza kumwonea huruma, na kila alipopiga ni sauti ileile ya mwanamke mpole asiye na mtoto, akimwambia ajaribu tena baadaye.

Bweni la wasichana lilikuwa na mlezi mnene mwenye funguo kiunoni. "Wanaume mwisho hapa," alisema, akamwonyesha chumba cha wageni.

"Mzima lakini? Niambie tu, dada yangu, mzima?"

"Nani?"

Fundi akataja jina kamili la binti yake, jina la vyeti, akaona jinsi lilivyomtoka kwa shida. Mlezi akamtazama kwa namna ambayo hakuipenda. "Yupo chumbani. Siku hizi yupo chumbani muda wote." Kisha akaondoka.

Yupo chumbani. Mzima, basi? Fundi alikaa kwenye kochi la wageni na springi ikamchoma pajani papo hapo. Siku nyingine angelipindua kochi lile na kulitukana kwa jina la fundi aliyelitengeneza. Siku hiyo alisogea tu pembeni, akashika tama.

Panzi alitokea na begi begani. Lilikuwa begi alilomshonea mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki cha makochi ya hoteli, lenye maua makubwa, na lilikuwa limejaa mpaka zipu inalalamika. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yamevimba. Lakini alisimama kwa miguu yake, hakuna bandeji, hakuna kikohozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna mtu amekufanya kitu?"

"Hapana." Akaketi, begi mapajani. "Umekuja kweli."

"Si nilisema nitakuja?"

Hapo mtoto akaangua kilio, na Fundi, ambaye angeweza kukuelezea aina zote za mbao, hakujua aweke wapi mikono yake. Aliiweka kwenye begi.

Maneno yalitoka vipande vipande. Wiki iliyopita walikuwa uwanjani kwa mazoezi. Zamu yake ilipofika, alisimamisha kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, akasahau kukaza mguu mmoja, chombo kikapinduka mbele ya darasa zima, kioo kikapasuka. Mwalimu hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alimtazama tu, akamuuliza taratibu, "Wewe, nani alikuleta hapa?" Darasa likacheka. Panzi alitoka uwanjani, na tangu siku hiyo hakukanyaga darasani. Na kesho asubuhi kulikuwa na mtihani wa vitendo, uwanja uleule, mwalimu yuleyule. Asiyefika anarudia mwaka.

"Ndiyo nikakubipu," alisema. "Kisha nikaona aibu, nikazima simu. Baba, wewe sema tu. Ukisema twende, twende. Nimeshafunga kila kitu."

Ombi hilo lilikuwa tamu lilioje! Fundi aliiona safari ya kurudi kama mtu anayeonyeshwa picha: Panzi dirishani na sweta ya kijani, Mama Panzi stendi, mikono juu. Chumba cha Panzi kilichofungwa kingefunguliwa. Banda lingepata tena mtu wa kuimba ovyo. Neno moja tu, na lingesemwa na baba, wala mtoto asingelaumiwa na mtu. Kimfukoni sweta ilikuwa inamsubiri.

"Mama yako amesema nirudi na wewe," alisema mwishowe.

Panzi akashika mikanda ya begi.

"Na mimi nataka urudi. Nisikufiche. Tangu uondoke, mimi na mama yako tunakula tukitazama ukuta. Nikipita mlango wa chumba chako naharakisha, kama mtu anayedaiwa. Mimi ndiye niliyesema uje huku, na hakuna siku sijajuta."

"Basi twende, baba."

"Lakini hilo begi sitalibeba."

"Ni jepesi, nitabeba mwenyewe."

"Ndicho ninachosema. Kesho basi linaondoka asubuhi. Ukilibeba mwenyewe mpaka stendi, nitakukalisha dirishani na sitakuuliza swali hata moja mpaka tufike. Na mama yako nitamwambia nimekulazimisha mimi. Lakini kulibeba, sitalibeba."

Alidhani mtoto ataelewa. Panzi alimtazama kama vile alivyomtazama siku ya kwanza baba alipomwachia mkono barabarani ili avuke peke yake. "Nilidhani umekuja kunichukua," alisema, akainuka, akarudi bwenini na begi lake bila kuaga.

Fundi alilala nyumba ya wageni, kama kulala ndiko kule. Alijilaumu kwa kusema na alijilaumu kwa kutosema. Baba gani anasafiri kutwa nzima kumwendea mwanawe, kisha anambania hata kumbebea begi? Nusura arudi bwenini kumgongea yule mwenye funguo. Alijikaza kisabuni, akabaki kitandani akipapasa sweta.

Asubuhi alifika stendi kabla ya dereva. Abiria wakapanda, mizigo ikapanda, utingo akaanza kupiga ubavu wa basi kwa kiganja. Fundi alikuwa bado amesimama chini, shingo ndefu kama twiga, macho barabarani. Alikuwa akimwomba Mungu, na hata Mungu nadhani alishindwa kujua anaombwa nini: mtoto atokee na begi, au asitokee kabisa.

Panzi alitokea mbio. Alivaa buti za uwanjani zenye tope kavu la wiki iliyopita. Mikono mitupu.

"Begi liko wapi?"

"Nimelirudisha uvunguni." Alikuwa anahema. "Nina dakika chache tu. Wanaanza sasa hivi."

"Basi nenda, nenda!"

Hakwenda. Alimkazia macho baba yake, kidevu kikitetemeka, na Fundi akajua kwamba lile hasa lililomtoa bwenini mbio lilikuwa bado halijasemwa.

"Baba, mbona hukupokea?"

Utingo akapiga ubavu wa basi.

"Nilikuwa nasubiri ukate," Fundi alisema.

"Mimi nilikuwa nasubiri upokee. Mwalimu aliponiuliza nani alikuleta hapa, nilitaka kumsikia aliyenileta. Basi. Sikutaka hata uje." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Niliiacha iite mpaka mwisho, nikasema sasa atajua, sasa atapokea."

Fundi angesema nini? Sheria? Salio? Misumari? Aliitoa ile sweta kimfukoni, akamvika mabegani kama alivyokuwa akimvika zamani kabla ya shule, ijapokuwa jua lilikuwa limeshatoka na hakukuwa na baridi yoyote. Panzi akaishika kwa mikono miwili. "Naogopa," alisema.

"Hata mimi."

Basi likaanza kusogea na Fundi akadandia. Alipopata dirisha na kuchungulia nyuma, alimwona akikimbia kuelekea upande wa uwanja, sweta ikipepea, miruko ileile ya panzi. Kisha kona ikamficha.

Mama Panzi alikuwa stendi ya nyumbani tangu alasiri. Fundi alishuka. Mkewe akatazama nyuma yake, akatazama mlango wa basi, akasubiri mpaka abiria wa mwisho, mzee mwenye fimbo, akashuka taratibu na mlango ukafungwa.

"Yuko wapi?"

"Yuko chuo. Mzima. Haumwi, hajaguswa na mtu."

"Sweta iko wapi?"

"Amebaki nayo."

Alimpa kisogo, akatangulia mbele. Fundi alimfuata mpaka bandani akimweleza mgongo wake habari yote, ya chombo, ya mwalimu, ya begi, na hata ile ya mlio wa tatu, ambayo angeweza kuificha na hakuificha. Mama Panzi aliketi kwenye cherehani yake na kuanza kushona, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimjibu, kwa hasira, mshono mmoja mrefu usio na kituo.

Ghafla akasimamisha gurudumu. "Kwa hiyo mtihani amefanya?"

"Alikuwa anakwenda."

"Ulimwona akiingia uwanjani?"

"Nilimwona akikimbia upande wa uwanja."

"Upande!" Mama Panzi alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Mtoto anatetemeka, umemwacha njiani, unaniletea habari za upande! Na kama chombo kimeanguka tena? Na kama ameshindwa, amekaa mahali peke yake, simu imezimwa? Utajuaje?"

"Atabipu."

"Atabipu," mkewe alirudia taratibu, na namna alivyolitamka neno lile, Fundi alitamani ardhi impasukie.

Fundi akarudi kwenye kochi lake lililovuliwa ngozi, akatia misumari mdomoni kwa sababu ndivyo mwili ulivyozoea, akaanza kubana kitambaa. Alikuwa akigonga vibaya. Msumari mmoja ukapinda, mwingine ukamkosakosa kidole. Simu aliiweka mezani, akaisogeza karibu, kisha karibu zaidi, mpaka ikawa juu ya mkono wa kochi lenyewe. Banda likaanza kupoa. Jua lilikuwa limegusa mapaa ya jirani, kisha likawa nyuma ya mapaa. Nyuma ya pazia cherehani haikusikika kabisa, na Fundi alijua kuwa mkewe ameketi pale, mikono mapajani, anasikiliza kama yeye.

Jua lilizama. Simu haikulia.

Alihesabu dakika. Alifikiria mlio mmoja, milio miwili, milio mitatu, na kila hesabu ilimtisha kwa namna yake, kwa kuwa sasa aliona jinsi alivyokuwa mjinga miezi yote hiyo. Mlio mmoja na kimya, alhamdulillahi, na nyundo inaendelea! Mtoto angeweza kubipu mara moja huku anatokwa na machozi, na yeye angeshukuru Mungu na kugonga msumari.

Simu ikalia.

Pazia likafunguka. Mama Panzi alisimama pale, mkono kifuani. Mikono ya Fundi, ile aliyoizoeza, ilibaki kwenye kitambaa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha nyundo ikaanguka chini na akaikwapua simu kama mtu anayeokoa kitu motoni. Akasahau misumari. "Mmm!" alisema ndani ya simu, "mmm, mm!" Akaitema yote, ikamwagika juu ya kitambaa cha mteja, ikalia juu ya sakafu kila upande. "Mwanangu! Nipo! Nimepokea!"

Mama Panzi alikuwa ameshafika, sikio lake limebanana na sikio la mumewe, uzi begani.

"Baba!" sauti ikalipuka. "Umenila! Nilikuwa nabipu mara moja tu! Salio langu lote, baba!"

Na akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kurukaruka, kile cha bandani, na Fundi alisikia mwili wa mkewe ukilegea ubavuni mwake.

"Hakijaanguka?" Mama Panzi aliuliza.

"Mama? Hakijaanguka, mama. Nilikaza miguu yote mpaka mwalimu akasema inatosha, utaivunja." Akacheka tena, kisha akatulia kidogo. "Haya, nakata. Salio linaisha."

Mama Panzi akaitoa simu mkononi mwa mumewe, taratibu, bila kumtazama, lakini mkono wake mwingine uliushika ule wa Fundi na haukuuachia. Aliketi kwenye springi za kochi la mteja, zikalia chini yake.

"Usikate, mwanangu," alisema. "Acha liishe."